Moshi wa Asubuhi

Katika miji yetu, na katika vijiji vingi vilevile, mtu aamkaye mapema husikia sauti mbili kabla ya nyingine zote: jogoo na ufagio. Ua hufagiliwa kabla jua halijapanda, majani yaliyoanguka usiku hukusanywa pembeni, na mara moshi huonekana. Kufagia ni desturi njema, nasi twaisifu; mama zetu walitufunza hivyo tangu tulipoweza kushika ufagio, na nyumba isiyofagiliwa ni aibu ya wenyewe. Walakini leo twataka kusema neno juu ya sehemu ya mwisho ya desturi hiyo, yaani ule moshi. Maana twaamini kwamba pamoja na moshi ule huondoka mali ambayo wengi wetu huitafuta dukani kwa fedha, na wengine huikosa kabisa.

Tuanze na kosa letu wenyewe, asije msomaji akadhani twanena kama watu wasio na dhambi hii. Nyuma ya nyumba tunamofanyia kazi upo mwembe mmoja mkubwa na mipera miwili, na hatua chache kutoka hapo tunacho kijishamba cha mboga. Kwa miaka mingi majani ya miti ile tuliyachoma kila asubuhi. Na kwa miaka ile ile, kila mvua zilipokaribia, tulinunua samadi, tukaileta kwa mkokoteni, tukalipa na mwenye mkokoteni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyatazama mambo hayo mawili kwa pamoja. Ndipo siku moja mama mmoja auzaye mchicha, aliyekuja kudai fedha zake, aliposimama kando ya moto, akautazama kitambo, akatuambia: “Baba zangu, mbona mwachoma mbolea, kisha mwaenda kununua nyingine?” Tulicheka. Yeye hakucheka. Akatuambia kwamba bustani yake haijapata kununuliwa mbolea hata debe moja, na kwamba mchicha tuliokuwa tumeukopa umetoka humo.

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza na kusoma, na kutazama mambo tuliyokuwa tukiyapita kila siku. Katika makala hii twapenda kuwapa wasomaji yale tuliyojifunza, pamoja na yale yaliyotushinda.

Kwanza tuulize: ni kitu gani kinachoungua? Sehemu kubwa ya jani mti umeifanya kwa hewa na maji kwa nguvu ya jua. Sehemu ndogo iliyobaki mizizi imeivuta kutoka ardhini, pengine mbali kuliko jembe liwezavyo kufika: naitrojeni iupayo mmea rangi ya kijani, fosforasi isaidiayo mizizi na mbegu, potasi, chokaa, salfa na vinginevyo kwa kiasi kidogo sana. Jani lioteshwalo kwa mwaka mzima likitiwa moto kwa dakika tano, naitrojeni yake karibu yote huenda na moshi, na salfa sehemu kubwa kadhalika. Potasi na chokaa hubaki katika majivu, lakini majivu ni mepesi. Upepo huyachukua, na mvua ya kwanza huyapeleka mtaroni. Tena kuna hasara kubwa kupita hizo. Mwili wenyewe wa jani, ambao kama ungaliozea ardhini ungaliufanya udongo kuwa mweusi, laini, wenye kushika maji kama sifongo, hutoweka pasipo kubaki hata chembe. Mfuko wa mbolea ya chumvi wanunuliwa dukani. Weusi huu wa udongo hakuna duka liuuzalo.

Yafaa tusiwaonee wazee wetu. Walichoma, na walikuwa na sababu. Majivu hupunguza ukali wa udongo uliochachuka, moto huua mbegu za magugu, na mahindi au ulezi wa mwaka wa kwanza katika shamba lililochomwa hustawi kweli. Kila mkulima amekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yake. Lakini mzee yule alilima mahali pamoja misimu miwili au mitatu, kisha akahama, akaliacha pori lirudi kwa miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini. Pori ndilo lililokuwa likilipa deni la moto. Sisi leo tuna ekari moja au mbili zenye jirani kila upande, na hatuna mahali pa kuhamia. Desturi ya kuchoma tumeirithi. Lile pori la kulipa deni hatukulirithi.

Wala moto haukai uani. Kila mwaka katika miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba, nchi ikiwa kavu, mashamba huchomwa ili yatayarishwe, na moto huvuka mpaka. Huenda kwa jirani, huingia miombo, hula mizinga ya nyuki, hula miche iliyopandwa kwa jasho la watoto wa shule, na wakati mwingine hula nyumba. Mwenye kuwasha husema alikuwa akisafisha. Kisha mvua za kwanza, ambazo aghalabu huja kwa nguvu, hukuta ardhi iko uchi. Msomaji asimame siku hiyo kando ya mto ulio karibu naye, atazame rangi ya maji. Ile si rangi ya mto. Ni mashamba ya watu yanayokwenda zake.

Labda mtu atasema: milimani ni lazima udongo uondoke, maana ndivyo mlima ulivyo. Kumjibu mtu huyo twamwomba asafiri pamoja nasi kwa fikira hadi Umatengo, katika Wilaya ya Mbinga, kusini mwa Tanzania. Wamatengo hukaa katika milima mikali sana. Habari zao zasema kwamba katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma wakaishi wengi pamoja juu milimani, mahali ambapo mtu hakuweza kulima ovyo na kuhama. Ilikuwa ama waitunze miteremko ile ama wafe njaa. Basi huko hutumika kilimo kiitwacho ngoro, nacho kwa maoni yetu chastahili kufundishwa katika kila shule ya nchi hii, si kama hadithi ya kale, bali kama elimu.

Kazi yenyewe huwa hivi. Mnamo mwezi wa Machi, masika yakielekea mwisho, wanaume hufyeka nyasi na magugu yaliyoota shambani, wakayaacha yanyauke. Hawayachomi. Huyakusanya na kuyalaza chini kwa mistari, mingine ikishuka na mlima, mingine ikikata kati, hata shamba zima likawa limegawanyika miraba, kila mraba upande wake kama mita moja na nusu au mbili. Kisha huja wanawake na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa juu ya zile nyasi pande zote nne, mpaka nyasi zikafunikwa zikawa kuta za udongo, na katikati pakabaki shimo. Juu ya kuta hizo hupandwa maharage. Maharage yakiisha kuvunwa, shamba hungoja mvua za mwisho wa mwaka, na juu ya kuta zilezile hupandwa mahindi, ambayo sasa mizizi yake hukuta nyasi zimekwisha kuoza. Magugu ya palizi hutupwa shimoni. Baada ya mavuno shamba hupumzika kidogo, nyasi huota, na ngoro hufanywa upya. Mtu akisimama kilima cha pili na kutazama ng'ambo, mlima mzima huonekana kama sega la nyuki.

Tuangalie akili iliyomo. Mvua inyeshapo kwa nguvu, maji hayapati njia ya kukimbia, kwa kuwa kila shimo huyakamata yake na kuyanywesha ardhi polepole. Udongo ulioanza kushuka huangukia katika shimo la chini yake na kukaa pale pale. Nyasi zilizozikwa huwa mbolea chini ya mmea wenyewe, si mahali pengine. Na maharage, kama mbaazi na kunde, yana vinundu mizizini ambamo vijidudu huivuta naitrojeni ya hewani na kuitia katika mmea, hata mahindi yanayofuata hukuta akiba. Shimo, ukuta, nyasi, maharage: vitu vinne visivyonunuliwa. Mabwana shamba na wataalamu wa vyuo wamekuja kuyapima mashamba haya, nao wamekiri kwamba kwenye miteremko ile ngoro huulinda udongo vizuri kuliko kulima kwa kawaida.

Hatusemi kwamba ngoro ni kazi rahisi. Ni kazi ngumu mno, na uzito wake mkubwa huwaangukia wanawake, jambo ambalo wanaume waisifuo ngoro husahau kulitaja. Vijana wengi wamehamia nchi za chini zenye ardhi pana, ambako jasho ni pungufu. Nasi hatuwezi kuwalaumu kwa kutaka kupumzisha migongo yao. Twauliza tu kama watakapofika huko chini wataikumbuka ile kanuni ya nyasi, yaani kuzika na si kuchoma. Maana kanuni hiyo yafaa hata tambarare, hata katika kitalu cha hatua kumi kwa kumi nyuma ya nyumba ya kupanga.

Na hapa yatupasa kukumbuka habari nyingine yenye uchungu. Katika milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro, serikali ya wakoloni nayo iliona udongo ukishuka, na katika miaka ya 1950 ikaamuru watu wakate matuta ya ngazi milimani. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa ya kweli. Lakini amri ilitoka juu, kazi ilikuwa ya kulazimishwa, na mahali pengi matuta yale yaliufukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufunika ule mzuri, hata mtu akavuna kidogo kuliko alivyovuna kabla hajajichosha. Mwaka 1955 huko Matombo kukatokea ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa. Wamatengo hawakuamriwa na mtu kuchimba ngoro. Waluguru waliamriwa kukata matuta. Kila apendaye kuwafundisha wenzake utunzaji wa ardhi, awe bwana shamba, mwalimu au mwandishi wa gazeti, na ayaweke mambo hayo mawili mbele yake kabla hajafungua kinywa. Mkulima huamini anachokiona kikimea.

Tungeweza kwenda mahali pengine pia. Uchaggani, katika vihamba vya Kilimanjaro, miti mirefu hutia kivuli migomba, migomba hutia kivuli kahawa, na chini kabisa huota viazi vikuu na mboga. Ng'ombe hulishwa zizini, na samadi yake hurudi migombani, hata ardhi ile imelisha vizazi vingi bila kuhamwa, ijapokuwa leo vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vingine vimebaki vipande tu. Usukumani nako kuna ngitili, yaani sehemu ya malisho ifungwayo wakati wa mvua ili ng'ombe waikute wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, na miti ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa vita dhidi ya mbung'o. Kuanzia mwaka 1986 mpango ulioitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliwarudisha watu kwenye desturi yao wenyewe badala ya kuwaletea ngeni, na baada ya miaka kama kumi na mitano ngitili zilizofufuliwa zilihesabiwa kupita hekta 300,000. Mahali pengi hawakupanda miti. Waliacha visiki vichipue.

Sasa turudi nyumbani, maana msomaji wetu aliye mjini atasema: Mimi sina mlima wala ng'ombe. Ni kweli. Lakini anayo majani, maganda ya ndizi na ya viazi, mabua, maganda ya maharage, majivu ya jikoni, kinyesi cha kuku wachache. Hivyo ndivyo vyakula vya lundo la mboji.

Lundo letu la kwanza tulilifanya kwa haraka na majivuno. Tulirundika majani makavu ya mwembe peke yake, juani, tukaenda zetu. Baada ya miezi mitatu yalikuwa bado ni majani makavu ya mwembe, ila mchwa walikuwa wamepata makao. La pili tulilitia maganda ya jikoni na majani mabichi tu, tukalimwagia maji kwa ndoo, kwa kuwa tulikuwa tumesikia kwamba la kwanza lilikosa maji. Likanuka hata majirani wakaja kuuliza kwa upole kama kuna mnyama aliyekufa. Ndipo tulipoelewa kwamba lundo ni kama chungu cha ugali: unga na maji sharti vipimane, na sharti mtu asonge.

Njia iliyotufaa ni hii. Chagua mahali penye kivuli, mbali kidogo na nyumba. Tifua ardhi, ulaze mabua au vijiti vya ovyo chini ili hewa ipite. Juu yake weka vitu vikavu, kimo cha shubiri moja. Majani magumu kama ya mwembe yakatwekatwe kwa panga kwanza. Kisha vitu vibichi, nusu shubiri: magugu yasiyo na mbegu, maganda ya jikoni, au majani ya ule mmea wa maua ya manjano uitwao alizeti pori, uotao kando ya barabara nyingi za nchi za juu, ambao majani yake huoza upesi na yana rutuba nyingi. Kisha samadi au kinyesi cha kuku, vidole vinne. Nyunyiza majivu kidogo na konzi chache za udongo wa shambani, kwa maana katika udongo huo mna vile vijidudu vyenyewe vifanyavyo kazi. Kila konzi ya udongo mzuri ina viumbe visivyoonekana wengi kuliko watu wote waliomo duniani. Mwagia maji, uanze tena kwa vitu vikavu, mpaka lundo lifike kifuani. Upana uwe kama mita moja na nusu. Likiwa dogo mno halipati moto. Likiwa kubwa mno hewa haifiki ndani. Funika kwa nyasi au majani ya mgomba.

Choma kijiti kirefu katikati, ukiache humo. Baada ya siku nne au tano kichomoe, ukishike. Kikiwa cha moto, kazi imeanza. Huo ni moto usio na moshi, nao huua mbegu nyingi za magugu na magonjwa. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na chenye kunuka, fumua lundo, ongeza vitu vikavu. Ili kujua maji yanatosha, chukua konzi ukaminye: mkono ulowe, lakini matone yasidondoke. Baada ya wiki tatu pindua lundo, la nje liende ndani na la ndani nje. Pindua tena baada ya wiki nyingine tatu. Katika miezi mitatu, au zaidi kidogo kwenye baridi, utakuwa na kitu cheusi, chepesi, kisichotambulikana kuwa kilikuwa ganda au jani, na harufu yake ni ile ya msituni baada ya mvua. Konzi mbili katika kila shimo la mahindi, au debe moja katika tuta la mchicha la hatua mbili, yatosha kuanzia.

Nyama na mifupa usitie, maana huita mbwa na panya. Mimea iliyokufa kwa ugonjwa usitie. Nyasi zenye mizizi itambaayo, kama sangari, zianikwe juani mpaka zife kabisa kwanza. Tena jambo moja ambalo bibi zetu hawakuwa nalo: plastiki. Zamani takataka za nyumba zote zilikuwa ni vitu viozavyo, na jaa la nyuma ya nyumba likageuka bustani lenyewe. Leo hali si hiyo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, nasi twashukuru. Walakini chupa, vifuko vidogo na makaratasi yenye kung'aa vingali vimejaa kila mahali. Mtu avichomavyo pamoja na majani huwavutisha watoto wake moshi wenye sumu, na avitiavyo lunduni huviona tena shambani mwaka ujao vikiwa vilevile. Weka vyombo viwili jikoni, kimoja cha viozavyo na kingine cha visivyooza. Kwetu jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kupindua lundo.

Tumesikia hoja zinazoletwa dhidi ya haya yote, nazo si za kudharauliwa. Wengine husema lundo litaleta nyoka. Yaweza kutokea, kama lundo litaachwa miezi bila kuguswa karibu na mlango. Lipinduliwalo na kupata joto nyoka hawalipendi sana, hata hivyo mtu na apige kwanza kwa mti kabla hajatia mkono. Wengine husema moshi hufukuza mbu. Ni kweli kwa muda wa saa moja. Lakini mbu huzaliana katika maji yaliyosimama, kwenye makopo, matairi na mitaro iliyoziba, si katika majani yaozayo, na chandarua hufanya kazi usiku kucha pasipo kumkohoza mtoto. Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa watu hawaisemi waziwazi: majirani watatuonaje? Lundo la takataka uani laonekana kama uvivu. Hapo hatuna jibu ila kwamba mchicha ukianza kuota majirani huona vingine.

Kuna neno moja zaidi tusiloweza kulinyamazia. Katika shule nyingi mtoto akichelewa au akikosa adabu hupewa adhabu ya kulima. Hushikishwa jembe akasimama juani mbele ya wenzake wamchekao. Kisha shule hiyohiyo humfundisha katika darasa la sayansi kwamba udongo ni utajiri wa taifa. Mtoto si mjinga. Ajua ni somo lipi kati ya hayo mawili lililokuwa la kweli. Akikua atafanya kila awezalo asiushike tena udongo kwa mkono wake, naye atakuwa ametutii sisi. Twawaomba walimu na wazazi watafute adhabu nyingine, tena wamwachie mtoto tuta lake mwenyewe, hata likiwa la hatua moja, apande anachotaka, na akivuna ale yeye au auze yeye. Kisha wamwonyeshe lile lundo, wampe kijiti akishike kikiwa cha moto. Sisi tulipokishika mara ya kwanza, watu wazima wenye mvi, tuliitana kama watoto.

Lundo la tatu tulilifungua mwezi wa tatu tangu kulijenga. Yule mama wa mchicha alikuwa amekuja tena, maana deni lilikuwa halijaisha, nasi kwa furaha tukampelekea debe moja tukimwambia kwamba hayo ndiyo malipo yake. Alitia mkono ndani, akaminya, akanusa, akachambua ubua mmoja ambao ulikuwa haujaoza sawasawa, akatuonyesha. “Bado wiki mbili, baba zangu,” akasema. Akauliza fedha zake ziko wapi.